Jinsi ya kupekua hataza kabla hujasema "hakuna aliyewahi kubuni hiki": mwongozo kamili

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa wabunifu ni huu: "Nimetafuta mtandaoni, sijaona kitu kama changu. Nikaombe hataza?" Nikiuliza umetafutaje, majibu hufanana. Aliandika jina la kifaa chake, akatazama ukurasa wa kwanza na wa pili, akafurahi, akafunga kompyuta. Wapo waliokwisha kulipa ada na kumlipa mchoraji, kisha mkaguzi wa ofisi ya hataza akawawekea mezani waraka wa Kijapani uliowazidi umri, na ndani yake kifaa chao kimechorwa mpaka skrubu.

Tatizo si uvivu. Nyaraka za hataza ("patent", haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) hazitafutwi kama habari za mpira. Mwongozo huu unahusu upekuzi peke yake. Kujaza fomu ni somo jingine.

## Vitu vya kuandaa

Kompyuta. Simu inafaa kwa kuanzia, ila michoro ya hataza ni midogo na ina namba tele. Utaumiza macho bure.

Tovuti tatu, zote za bure. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina nyaraka zaidi ya milioni 150 kutoka duniani kote. Google Patents ni nyepesi kutumia. PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) ni nzuri kwa maombi ya kimataifa, na ina nyaraka za ARIPO, shirika letu la kikanda lililoko Harare.

Jedwali tupu, la kompyuta au la daftari. Hili ndilo chombo kikuu, usilidharau.

Kiingereza cha kutosha kuandika maneno ya kutafutia. Kusoma si tatizo sana, kwa sababu Espacenet ina kitufe cha kutafsiri Kichina, Kijapani na Kijerumani kwenda Kiingereza.

Siku mbili tulivu. Saa moja haitoshi.

Kimya. Usirushe video ya kifaa chako kabla ya kuwasilisha ombi. Ukikitangaza mwenyewe, umekifanya kijulikane kwa umma, na kinachojulikana si kipya tena. Kenya humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Ulaya haina msamaha wa hivyo kwa video uliyojirushia mwenyewe.

## Hatua ya 1: Sahau jina, andika kazi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Tanuri ya mikrowevu ilipatiwa hataza Marekani mwaka 1950, namba US 2,495,429, kwa jina la Percy Spencer. Kichwa cha waraka huo kinasema tu "Method of treating foodstuffs", yaani njia ya kushughulikia vyakula. Ile mikanda ya kunata ya Velcro kwenye viatu vya watoto ni hataza US 2,717,437 ya George de Mestral, ya mwaka 1955. Kichwa chake kinazungumzia kitambaa cha aina ya mahameli. Picha za papo kwa papo za Edwin Land, US 2,543,181 ya mwaka 1951, zimefichwa chini ya maneno marefu kuhusu bidhaa ya picha yenye chombo kinachopasuka na kumwaga kimiminika.

Umeona? Anayetafuta "microwave oven", "velcro" au "instant camera" kwenye vichwa vya nyaraka hizo angetoka mikono mitupu. Mwandishi wa hataza hakwepi jina la sokoni kwa bahati mbaya. Neno pana humpa ulinzi mpana, na mara nyingi jina la sokoni lilikuwa halijazaliwa.

Basi andika sentensi moja inayosema kifaa chako *kinafanya nini na kwa njia gani*, kisha ikate vipande. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: jiko banifu la mkaa lenye feni, ambalo feni yake inapata umeme kutokana na joto la jiko lenyewe. Vipande vyake:

1. Ganda la nje la bati
2. Kikombe cha udongo cha ndani kinachobeba mkaa
3. Nafasi ya hewa kati ya ganda na kikombe
4. Matundu ya kuingizia hewa kwenye kikombe, *juu* ya usawa wa mkaa
5. Feni inayosukuma hewa kupitia nafasi hiyo
6. Kibamba kinachogeuza joto kuwa umeme wa feni

Weka nyota kwenye kipande unachoamini ni chako peke yako. Mbunifu wa jiko hili ataweka nyota kwenye namba 6. Tukifika mwisho tutaona kama aliona sawa.

Umefanikiwa kama fundi bati wa Gerezani au Kamukunji asiyekujua anaweza kusoma vipande vyako na kuchora kitu kinachofanana na chako. Ukipata vipande viwili tu, hujakata vya kutosha. Ukipata kumi na tano, umeanza kuhesabu skrubu.

## Hatua ya 2: Tafutia kila kipande maneno ya wanasheria

Kila kipande kipe angalau maneno matatu ya Kiingereza: la kawaida, la kiufundi, na pana la kisheria.

- Jiko: "stove", "cookstove", "brazier", "combustion device"
- Feni: "fan", "blower", "forced air", "forced draft"
- Kugeuza joto kuwa umeme: "thermoelectric", "Seebeck"

Nyanja nyingine zina lugha yao. Mwaka huu nimeona vijana wengi wakibuni hadubini za simu kwa kutumia tone la kioo. Waraka wa hataza hautasema tone la kioo. Utasema "ball lens", "spherical lens" au, kwa mwandishi mwenye tamaa, "refractive element". Miwani ambayo mtu huirekebisha mwenyewe kwa kuongeza au kupunguza mafuta ya silikoni ndani ya lenzi, kama ile aliyoibuni Joshua Silver wa Oxford, huitwa "variable focus lens" au "fluid-filled lens".

Kwenye mikrofluidiki, yaani ufundi wa kupitisha vimiminika kwenye vijia vyembamba kama unywele, mambo ni magumu zaidi. Ukibuni kipimo cha karatasi cha kupima maji, ambacho vijia vyake vimechorwa kwa nta, usitafute "paper" na "wax" peke yake. Karatasi ni "porous substrate". Nta ni "hydrophobic barrier". Kijia ni "microchannel" au "capillary channel". Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima nikitafuta "paper", nikaletewa mashine za kutengeneza karatasi za chooni.

Onyo: usiunganishe maneno yote kwenye utafutaji mmoja. Kila neno unaloongeza linafukuza nyaraka, na ile uliyoihitaji inaweza kuwa miongoni mwa zilizofukuzwa.

## Hatua ya 3: Tafuta kijuujuu ili upate misimbo

Sasa fungua Google Patents, andika maneno mawili au matatu, mfano "cookstove fan thermoelectric", na upitie matokeo haraka kwa kutazama michoro. Usisome. Chagua nyaraka tano zinazofanana zaidi na chako.

Kwenye kila waraka kuna orodha ya misimbo ya uainishaji. Hiyo ndiyo uliyoifuata. Wakaguzi duniani kote hupanga nyaraka kwenye makabati kwa misimbo hii, na msimbo haujali waraka umeandikwa Kikorea au Kifaransa, wala mwandishi aliita kifaa chake nani. Nakili misimbo inayojirudia kwenye nyaraka zako tano.

Ili ujue usishangae, haya ni makabati ya mifano yetu:

- F24B: majiko ya nyumbani ya kuni, mkaa na nishati nyingine ngumu
- A47J: vyombo vya jikoni kwa ujumla
- G02B 21: hadubini
- G02B 3/14: lenzi za kimiminika zinazobadilisha fokasi
- B01L 3/5027: vifaa vya mikrofluidiki
- G01N 33/558: vipimo ambavyo sampuli hutembea kwenye utepe, jamaa ya vile vya mimba na malaria

Umefanikiwa kama una misimbo miwili hadi minne inayojirudia. Kama kila waraka una msimbo tofauti kabisa, rudi Hatua ya 1. Sentensi yako bado ni ukungu.

## Hatua ya 4: Tafuta kwa msimbo na neno moja

Hamia Espacenet, fungua utafutaji wa kina. Weka msimbo mmoja kwenye sehemu ya uainishaji, na neno *moja* kwenye sehemu ya kichwa na muhtasari. Mfano: F24B pamoja na "fan". Pitia. Kisha F24B pamoja na "thermoelectric". Kisha "blower". Nyota mwishoni mwa neno (kwa mfano "thermoelectr*") huleta miisho yote ya neno hilo.

Matokeo yakizidi mia tatu, shuka kwenye tawi dogo la msimbo. Yakiwa chini ya kumi, ondoa neno ubaki na msimbo mtupu, utazame michoro mmoja baada ya mwingine. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotofautisha aliyepekua na aliyejifurahisha.

Kila utafutaji uandike kwenye daftari: tarehe, tovuti, msimbo, neno, idadi ya matokeo. Kesho utasahau ulipoishia.

## Hatua ya 5: Fuata nyayo za wakaguzi

Ukipata waraka unaokukaribia sana, usiridhike nao. Ndani ya Espacenet kuna sehemu ya "Cited documents", nyaraka ambazo mkaguzi alizitumia kuupima huo, na "Citing documents", zile za baadaye zilizoutaja. Nenda nyuma, kisha nenda mbele.

Maombi mengi ya Ulaya na ya kimataifa yanabeba ripoti ya upekuzi, na kwenye ripoti hiyo kila waraka uliotajwa una herufi. X maana yake waraka huu peke yake unatosha kuangusha dai fulani la mwombaji (madai tutayafikia Hatua ya 6). Y maana yake unaliangusha ukiunganishwa na mwingine. A ni wa kukupa picha ya jumla tu. Anza na X. Mkaguzi aliyesomea kazi hiyo amekufanyia upekuzi bure, na ofisi kule ililipwa kwa ajili yake.

## Hatua ya 6: Soma madai, na uyasome kwa wivu

Muhtasari wa hataza hauna nguvu ya kisheria ya kumkataza mtu chochote. Kichwa pia hakina. Anachomiliki mwenye hataza kipo kwenye sehemu inayoitwa "Claims", yaani madai. Mpangilio wangu wa kusoma: michoro kwanza, kisha dai namba 1, kisha maelezo pale nisipoelewa.

Chukulia umekuta dai hili: *Kifaa cha kuchomea chenye chumba cha moto, feni inayosukuma hewa ndani ya chumba hicho, na jenereta ya joto inayoilisha feni umeme.* Halina udongo, halina bati, halina matundu ya juu. Wabunifu wengi hapo hupumua: "Si changu, changu kina udongo!"

Pumzi hiyo imewahi mno. Kuna maswali mawili tofauti hapa, na kuyachanganya ndilo kosa linalouma kuliko yote.

Swali la kwanza: *je, changu ni kipya?* Linganisha vipande vyako na kila kitu ambacho waraka ule unaonyesha, maelezo na michoro ikiwemo. Ukiwa na kipande kimoja kisichoonekana kabisa kwenye waraka huo, upya wako uko hai mbele yake. Kisha linakuja swali la ubunifu: je, fundi mwenye ujuzi wa kawaida angefikiria kukiongeza bila kuumiza kichwa?

Swali la pili: *je, niko huru kukitengeneza na kukiuza?* Hapa unageuza mizani. Unatazama kama vipande vyote vya *dai lake* vimo ndani ya kifaa *chako*. Jiko lako lina chumba cha moto, lina feni, lina jenereta ya joto. Vyote vitatu vimo. Kuongeza udongo hakukutoi kwenye dai hilo. Kama hataza hiyo iko hai nchini mwako, unaweza kupata hataza ya maboresho yako na bado ukazuiwa kuuza jiko.

Angalia pia neno linalounganisha dai. "Comprising" maana yake kifaa kina angalau hivi, na chochote cha kuongeza. "Consisting of" maana yake hivi tu. Neno moja hilo hubadilisha kesi nzima.

Herufi za mwisho wa namba nazo zina maana. US yenye A1 ni ombi lililochapishwa, halijakubaliwa. US yenye B1 au B2 imekubaliwa. Ya Ulaya yenye A1 au A2 ni ombi, B1 imekubaliwa. Yenye WO ni ombi la kimataifa, na haijawahi kuwa hataza popote. Hakuna kitu kinachoitwa hataza ya dunia nzima, hata kama mtu amekuonyesha cheti chenye nembo ya kupendeza.

Onyo: ombi lililokataliwa, na hataza iliyokufa miaka hamsini iliyopita, bado vinaua upya wa kifaa chako. Vimekwisha chapishwa, basi.

## Hatua ya 7: Jaza jedwali

Kwenda chini, orodhesha vipande vyako sita. Kwenda kulia, orodhesha nyaraka zako tano hadi kumi za karibu zaidi. Weka alama ya ndiyo pale waraka unapoonyesha kipande, pamoja na namba ya aya au mchoro. Bila namba, alama hiyo ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu hudanganya.

Kisha soma jedwali hivi. Waraka mmoja wenye ndiyo kwenye vipande vyote: upya umekwisha, tafuta kipande kingine cha kujenga juu yake. Vipande vyote vimetapakaa kwenye nyaraka mbili zinazohusu majiko ya aina moja: mkaguzi ataziunganisha. Kipande kisicho na ndiyo popote: hapo kaa.

Mwenye jiko letu hugundua kwamba nyota yake imejaa ndiyo kila mahali. Majiko yanayojizalishia umeme wa feni yamekwisha kubuniwa na kuuzwa, hata Kenya. Asikate tamaa mapema. Alipokuwa akijaza jedwali, je, kuna waraka uliokuwa na matundu ya namba 4 *ndani ya kikombe cha udongo*, pamoja na jinsi alivyozuia udongo usipasuke pale matundu yalipo? Mara nyingi ubunifu halisi uko kwenye jambo ambalo mbunifu aliliona dogo, kwa kuwa alilitatua kwa mikono akaendelea na kazi.

## Hatua ya 8: Toka nje ya hataza

Upya hauuliwi na hataza peke yake. Makala, vitabu, katalogi na video za mtandaoni vyote vinahesabika.

Vipimo vya karatasi vya mikrofluidiki ni mfano mzuri. Wengi huvihusisha na kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard na makala yao ya mwaka 2007. Lakini mwaka 1949 Müller na Clegg walikwisha kuchapisha kazi ya kuweka kizuizi cha nta ya parafini kwenye karatasi ili kimiminika kifuate kijia. Aliyepekua hataza tupu asingeiona, kwa sababu ilikuwa makala ya kisayansi.

Kwa hiyo rudia maneno yako ya Hatua ya 2 kwenye Google Scholar, kwenye YouTube, na kwenye masoko ya mtandaoni ya Kichina. Chapisha au hifadhi ukurasa uliokuta, pamoja na tarehe.

## Hatua ya 9: Tazama nchi na umri

Hataza ina mipaka kama bendera. Iliyotolewa Marekani haizuii mtu kutengeneza Morogoro. Kwenye Espacenet fungua "Patent family" uone nchi zote ambako uvumbuzi huo uliombewa. Tafuta herufi TZ, KE, UG, RW, na AP ambayo ni ya ARIPO. Ukiona AP, angalia ni nchi zipi zilizotajwa ndani yake. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, kwa hiyo usidhani usajili wa BRELA, wakala wa Tanzania Bara, unavuka bahari.

Umri wa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, na mwenyewe hulipa ada kila mwaka ili ibaki hai. Nyingi hufa mapema kwa kukosa ada. Fungua "Legal events" uone. Yale maandishi ya Google Patents yanayosema "Active" au "Expired" ni makadirio tu; usianzishe kiwanda kwa kuyategemea.

Kama familia haina nchi yako, au hataza imekufa, waraka ule ni mwongozo wa bure wa kutengenezea, michoro na vipimo ndani. Tahadhari moja: ukisafirisha bidhaa kwenda nchi ambako hataza ingali hai, unaingia chini ya sheria ya huko.

## Hatua ya 10: Rudia upekuzi kabla ya kuwasilisha

Maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa. Katika kipindi hicho hakuna tovuti itakayokuonyesha. Rudia utafutaji wako wa Hatua ya 4 wiki moja kabla ya kwenda ofisini, ukichuja tarehe za mwaka wa mwisho, kwa sababu kila wiki nyaraka mpya huibuka kutoka kwenye giza hilo.

Ukiwasilisha ombi BRELA, KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya), au ARIPO, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza. Beba jedwali lako uende nalo kwa wakala wa hataza. Utamwokolea saa nyingi, nawe utapunguziwa bili. Mwonyeshe kile kipande kisicho na ndiyo popote, umwambie dai la kwanza lianzie hapo.